Nusu ya Pili ya Picha

Halifax,
9 Februari 1986

Dada Korkor,

Pua yangu bado iko katikati ya uso na masikio ni mawili kama ulivyoyaacha, kwa hiyo usianze kulia kabla hujasoma. Mimi ni mzima kuliko nyinyi nyote. Baridi ya hapa inapasua yai likiwa bado ndani ya kuku, lakini mimi inanikwepa, imeshasikia habari zangu.

Mwambie Ataa Okine kwamba yule mwanafunzi wake wa ngumi, aliyemtabiria kufa akibeba magunia bandarini kama marehemu baba, mwezi wa Januari peke yake amepanda ulingoni mara tatu. Mara tatu, Korkor. Huko Bukom bondia akipigana mara tatu kwa mwaka anataka mtaa uitwe jina lake. Hapa hawawezi kupitisha wiki mbili bila kunihitaji. Nyumbani kwa Bibi Pickersgill, ninakopanga, hakuna simu, basi meneja wangu Bwana Clegg ananiletea kadi za posta, na mtu wa posta ananiita kwa jina langu la kwenye matangazo: Mwanamfalme Odoi wa Accra. Sisi ambao choo tulikuwa tunapanga foleni na nyumba nne. Usicheke, hata wafalme wa hapa nao walianza mahali.

Jumatatu nilipigana kwenye hoteli moja mjini Leeds. Wanaume mia tatu, suti nyeusi, shingoni kila mmoja kafunga kipepeo cha kitambaa, wanakula nyama huku sisi tunapigana. Na wana sheria yao: raundi ikianza, hakuna kusema. Kimya. Unasikia uma ukigonga sahani na pumzi yako mwenyewe. Nilidhani nimeingia kwenye ule mwezi wetu wa kukataza ngoma. Kengele ikilia wanapiga makofi kidogo, kama mtu anayeua mbu, kisha wanarudi kwenye viazi.

Basi raundi ya sita ikaisha, nikasikia chuma kinaanguka. Nikajua taa imepasuka. Kumbe sarafu. Wanarusha pesa ulingoni, dada yangu, sarafu na noti zilizokunjwa, kwa sababu pambano limewakuna. Msaidizi wangu akatambaa na ndoo anaokota. Nilisimama palepale mpaka mwisho, wima kama mlingoti, na hakuna aliyeniangusha.

Nakuletea picha ya siku hiyo. Usiibandike karibu na moshi.

Ni mimi mdogo wako, anayezidi kupendeza,
Odoi


Huddersfield,
17 Februari 1986
(kadi ya posta)

Kijana,

Alhamisi, Doncaster, raundi sita. Mvulana anaitwa Wayne Tordoff, ni pambano lake la pili, kauzia ndugu na majirani tiketi mia mbili na kumi. Wewe hujauza hata moja, kwa hiyo unajua nani mwenye nyumba na nani mgeni. Mbane kidogo watu wapate burudani, kisha mwache apumue. Usianguke: ukiangushwa daktari atakufungia siku ishirini na nane, na Jumanne inayofuata nakuhitaji Hull. Ule mkono wa kushoto uache mfukoni.

Leeds umeshindwa kwa nusu pointi, safi kabisa, hakuna aliyelalamika. Hayo ni mapambano ishirini na sita: sare moja, ishirini na tano umeshindwa. Sina mgeni anayekupita.

C. Clegg


Bukom, Accra,
2 Machi 1986

Odoi,

Barua yako ilifika imefunguliwa, imesomwa na posta nzima, ikafungwa tena kwa gundi. Kwa hiyo Bukom yote inajua. Waliposikia umerushiwa pesa, hakuna aliyeuliza tena matokeo. Hapa aliyepigwa harushiwi pesa, anarushiwa maganda ya machungwa, na wewe unayajua vizuri, siku ile mtoto wa muuza mkaa alipokutandika nilikuchambua maganda kichwani mpaka jioni.

Ataa Okine alicheza hatua mbili mbele ya wanafunzi wake, na goti lile bovu. Picha kaibandika ukutani pale jimu, juu ya mfuko wa mchanga. Kenkey zangu za unga wa mahindi siku hizi zinaisha saa nne asubuhi, watu wanatoka mpaka Jamestown kununua kwa dada wa Mwanamfalme. Sijamkatalia mtu.

Lakini picha mbona nyembamba? Umesimama, ngumi juu, sawa, mbavu nimeziona zote, kula. Ila upande wa kulia imekatwa, na pembeni limebaki bega la refa, limekupa mgongo. Refa anayempa mshindi mgongo kalelewa na nani?

La pili ni mdogo wetu Anan. Kachaguliwa kambi ya timu ya taifa. Inafunguliwa Septemba, na kutoka Bukom wamechukuliwa watatu tu. Unadhani kafurahi? Anasema timu ya taifa ni ya watoto, yeye anataka meneja wa England kama wako. Ataa Okine kamweleza mara mia kwamba siku utakayotia sahihi mkataba wa kulipwa, mlango wa timu ya taifa umejifunga na ufunguo umetupwa baharini. Anan anajibu: "Odoi hakupita timu ya taifa, na anarushiwa pesa." Sasa huko ulikomwachia maneno hayo, njoo uyaondoe.

Nijibu yote mawili, la picha na la Anan. Usinijibu kwa mzaha.

Korkor


Halifax,
16 Machi 1986

Dada Korkor,

Umeniambia nisijibu kwa mzaha, basi nimevaa tai ndio nikaandika.

Picha imekatwa ili iingie kwenye bahasha. Bahasha za hapa ni nyembamba kama watu wake. Bibi Pickersgill ana mkasi wa kukatia mapazia, akaona atusaidie, nawe unajua bibi akishashika mkasi. Kuhusu refa, kazi yake ilikuwa imekwisha, akageuka aende zake. Ulitaka abaki anioe?

Tangu niandike nimepanda mara nne: Doncaster, Hull, Hull tena, na mji mmoja ambao jina lake hata wenyeji hulimezea nusu. Hakuna aliyeniangusha. Mwambie Ataa Okine aliandike hilo kwa chokaa chini ya picha. Nimepigana mara thelathini katika nchi ya watu, na mgongo wangu haujui turubai la ulingo lina baridi au joto.

Anan mwambie England haina nafasi ya wana wawili wa mfalme mmoja. Aende kambini ale chakula cha serikali, avae suti ya michezo yenye zipu, apigiwe saluti na polisi wa pale getini. Mimi nimeshalibeba jina la nyumba, likibebwa na wawili litapasuka. Mwambie pia viazi. Kila siku viazi. Hajui viazi vinaweza kumfanyia nini mtu.

Odoi,
wima bado


Huddersfield,
24 Machi 1986
(kadi ya posta)

Kijana,

Jumatatu Sheffield, raundi sita, maelekezo ni yaleyale.

Yule mdogo wako uliyekuwa unajisifia naye ndani ya gari tangu Hull mpaka Halifax, nimemwandikia kwa anwani ya jimu iliyo kwenye karatasi zako. Mkataba wa miaka mitatu, na nauli juu yangu. Kama kidevu chako kinachovumilia ngumi ni cha ukoo, nitakuwa na Mwanamfalme mmoja Hull na mwingine Sheffield kwa siku ileile moja. Wageni wazuri wamekuwa adimu, wengi wanaanguka. Nataka sahihi yake kabla Agosti haijaisha, msimu unaanza Septemba.

C. Clegg


Bukom, Accra,
10 Aprili 1986

Kaka Odoi,

Shikamoo. Ipokee vizuri, maana ni ya mwisho. Nikifika huko wewe ndiye utakayeniamkia.

Dada kaniambia eti hakuna nafasi ya wana wawili wa mfalme. Hama basi. Ungekuwa kaka wa kweli ungenifagilia chumba. Bwana Clegg mwenyewe kaniandikia, karatasi nzito, jina langu limepigwa chapa bila kosa hata moja, na wewe ulipoondoka ulikuwa hujui kuliandika lako bila kuuma ulimi.

Viazi nimevisikia. Kwa hiyo Odoi aliyekula kenkey ya juzi iliyoanza kuota ndevu leo analia kwa sababu ya viazi. Najua kinachokuuma. Mimi nimepigana mara thelathini na moja na sijapoteza hata moja, na wewe unajua mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa unauita mwiko wa uji. Ulikulaza mwiko huohuo nyuma ya soko nikiwa na miaka kumi na sita. Unaogopa matangazo yao yatabandikwa picha yangu badala ya yako.

Kambi ya timu ya taifa nitawaachia wanaopenda zipu. Nitatia sahihi Agosti, Jumamosi ya Homowo, tukishakula kpokpoi ya sikukuu, familia yote ikiwa nyumbani, Ataa Okine awe shahidi. Yeye hataki, lakini kila nikimwonyesha picha yako ukutani anasema atakuja.

Mdogo wako asiyepigika,
Anan


Halifax,
22 Aprili 1986

Anan,

Nyuma ya soko niliteleza. Palikuwa na magamba ya samaki, na Korkor ni shahidi.

Sikiliza, nikueleze nchi hii. Mvua yake haishuki, inatembea kwa ubavu. Mabondia wanakimbia saa kumi na moja asubuhi kupanda mlima ambao kila nikifika juu nakuta umeongezewa kipande. Pilipili wanaisikia kwenye redio. Wasichana wanakuuliza umetoka wapi, ukijibu wanasema "aa, vizuri", halafu wanaangalia saa. Bibi Pickersgill anapima maji ya kuoga kwa kidole, yakivuka kiungo cha pili anagonga mlango. Na Bwana Clegg ana gari linalonuka mbwa, ingawa mbwa mwenyewe alikufa mwaka juzi.

Hayo yote hayakutishi, nakujua. Basi nikuombe kitu kimoja kama kaka. Tarehe 28 nina pambano Bradford, na kijana anayeitwa Darren Sugden, ambaye hajapoteza. Usishike kalamu kabla hujapata habari za siku hiyo. Nikishakamilisha hilo, jina la nyumba yetu litakuwa limekaa mahali pake, na wewe hutakuwa na la kuja kuongeza. Utakwenda kambini kwa amani.

Kaka yako, na bado mkubwa wako,
Odoi


Huddersfield,
30 Aprili 1986

Kijana,

Safari hii nimetumia bahasha, maneno haya hayamfai mtu wa posta.

Sugden alikuwa ameshinda mara nane. Baba yake ana bucha. Kaleta mabasi mawili ya watu, kaleta na bibi yake mzaa baba mwenye miaka themanini na moja, kaketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. Raundi ya tatu ukamlaza mjukuu mbele ya miguu yake, kwa mkono uleule niliokuambia uuache mfukoni. Watu mia mbili na hamsini wakatoka bila hata kumaliza bia zao.

Mwandaaji alinipigia kabla sijavua koti. Asubuhi wakapiga wengine wawili. Hakuna anayekuchukia, kijana. Wanasema tu wewe sasa ni hatari, na mtu haiti hatari nyumbani kwake kisha akailipia usafiri. Doncaster imefutwa. Hull imefutwa. Nilikuwa na mgeni bora wa kaskazini yote, leo nina mshindi asiyeweza kuuza tiketi moja. Hebu niambie, ulikuwa unatafuta nini?

Bahati nzuri, mdogo wako kaniandikia kwamba anatia sahihi Agosti. Kazi zako atazichukua yeye. Akiwa na kidevu chako na akili kuliko wewe, tutaelewana.

C. Clegg


Halifax,
4 Mei 1986

Dada Korkor,

Nimeshinda. Raundi ya tatu, mkono wa kushoto, akahesabiwa mpaka kumi na angeweza kuhesabiwa mpaka arobaini. Kipande cha gazeti kimo ndani, hakijakatwa isipokuwa pale habari yenyewe ilipoishia. Jina langu wamekosea herufi mbili lakini ni mimi.

Bibi Pickersgill alinikaangia mayai mawili badala ya moja.

Mwonyeshe Anan. Mwambie jina limeshakaa mahali pake, aende kambini.

Odoi


Bukom, Accra,
28 Mei 1986

Odoi,

Tumo ndani ya mwezi wa kukataza ngoma, kwa hiyo hukupigiwa hata kopo. Ataa Okine alikisoma kipande cha gazeti kwa kunong'ona, wanafunzi wakashangilia kwa kukanyaga miguu mchangani. Anan alikichukua akalala nacho. Ulidhani kitamzuia? Umemwagia mafuta ya taa. Sasa anasema wewe umelaza mtu raundi ya tatu, yeye atalaza wa kwake raundi ya kwanza. Mkalimani wa mahakama kamsomea mkataba wote, amebakiza kutia sahihi.

Lakini mimi neno moja limenikaa kooni. Nimeuza kenkey miaka kumi na tano, Odoi, najua mteja anayesema "kesho" na mteja anayemaanisha kesho. Barua yako imeanza: Nimeshinda. Nikakaa. Nikaenda chini ya kitanda nikatoa barua zako zote tangu ulipoondoka, ni kumi na moja, nikazisoma moja baada ya nyingine mpaka chungu kikaungua. Nimesimama mpaka mwisho. Hakuna aliyeniangusha. Wamerusha pesa. Wananihitaji kila wiki. Umeandika hayo mpaka wino umekwisha. Neno nimeshinda halimo hata mara moja, isipokuwa hii ya juzi. Hukusema uongo. Ulituacha sisi tuuseme.

Nikakumbuka na bega la refa.

Sitakuuliza kitu, wala sijamwambia mtu. Kenkey zinaendelea kuisha saa nne, kwa hiyo na mimi mikono yangu si safi. Lakini Anan ana miaka kumi na tisa, na akishatia sahihi ile karatasi timu ya taifa haitamwita tena hata akilia mlangoni kwao. Kama England kuna kitu ambacho hukukitia kwenye bahasha, kitie sasa. Barua ya kuja huku inachukua wiki tatu, nne wakitaka kuisoma vizuri.

Korkor


Halifax,
29 Juni 1986

Anan,

Kaa chini. Korkor akiwepo, mpe asome na yeye.

Ndani ya bahasha hii kuna nusu ya pili ya picha. Mkasi ulikuwa wa Bibi Pickersgill lakini mkono ulikuwa wangu.

Hesabu ndiyo hii: nimepigana mara thelathini na nne. Sare moja. Nimeshinda mara moja. Zilizobaki zihesabu wewe uliyemaliza shule.

Sasa nikueleze kazi, maana ni kazi, na mimi naijua kuliko mtu yeyote kaskazini mwa nchi hii, hilo sirudi nyuma. Kila pambano lina mwenye nyumba na mgeni. Mwenye nyumba ni kijana wa palepale, anauza tiketi kwa shangazi zake, kwa kinyozi wake, kwa watu wa baa. Hizo tiketi ndizo zinalipa taa, refa, daktari na mgeni. Kwa hiyo watu wamekuja kumwona akishinda, na mgeni ameletwa ili ashindwe vizuri. Hakuna anayekunong'oneza uanguke. Ukianguka umeharibu, daktari anakufungia siku ishirini na nane. Kazi ni kumfundisha mtoto wa watu raundi sita bila kumuumiza na bila kuumia, kisha refa anamwinua mkono, wewe unavaa koti, na wiki ijayo unakwenda mji mwingine. Na ikiwa wenye vipepeo shingoni wamefurahi, wanarusha sarafu. Wanawarushia wote wawili. Zinagawanywa nusu kwa nusu, ndoo moja. Hilo ndilo nililowaandikia. Mengine mliyaongeza wenyewe, na mimi nikawaacha, kwa sababu yalipendeza.

Bradford nilishinda kwa ajili yako. Nilidhani nikiwa na ushindi mmoja wa kweli utatosheka, ubaki nyumbani. Tangu siku hiyo sijaletewa kadi hata moja. Wiki tisa. Nafagia kiwanda cha mazulia, na mtu wa posta anapita upande wa pili wa barabara ili tusisalimiane.

Sasa usije ukadhani naandika kwa kuwa nakuona dhaifu. Ungekuwa dhaifu ningekuita, ungeifaa kazi hii. Mimi naiweza kwa sababu nina kidevu na sina haya. Wewe hujui kushindwa, na miaka mitatu ya Clegg haitakufundisha. Siku ya kwanza utamlaza mjukuu wa mtu, na baada ya mwezi tutakuwa wawili dirishani tukimtazama mtu wa posta. Au utajifunza. Hilo la pili ndilo silitaki. Ule mwiko wa uji ukae mfukoni miaka mitatu? Ukija kuutoa utakuta ni mwiko kweli.

Kambini hawana tiketi za kuuza. Ukimpiga mtu pale, umempiga.

Ukitaka kunicheka, cheka kwa sauti. Ngoma zimeshafunguliwa.

Odoi


Bukom, Accra,
17 Agosti 1986

Odoi,

Barua ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya Homowo, safari hii baada ya wiki saba, imefunguliwa kama kawaida. Kwa hiyo posta ilijua kabla yetu, na kutoka posta mpaka kwetu ni hatua mia mbili. Nilipita sokoni watu wakanisalimia kwa upole mno. Jumamosi asubuhi kenkey zilibaki. Nikazitoa kwa majirani, ni sikukuu.

Anan aliisoma mara ya kwanza, akaitupa. Akasema umeitunga ili abaki nyuma yako. Akaiokota, akaisoma tena. Halafu akaenda jimu bila viatu, akabandua ile picha ya ukutani, akaja nayo mpaka mezani kwangu, akaiweka kando ya nusu yako ya pili. Nikaziunganisha kwa unga wa kenkey, haubanduki ule.

Ataa Okine alifika kuwa shahidi, kavaa kitambaa chake cha sherehe. Wazee wameketi, kpokpoi imeliwa, mkataba uko mezani, kalamu juu yake. Anan hakuushika. Aliinamia picha. Ataa Okine naye akainama. Wakakaa hivyo mpaka mjomba akauliza kama kuna msiba.

Ikabidi niende na mimi nitazame. Wewe upo kushoto, ngumi yako umeiinua mwenyewe. Katikati refa, amekupa mgongo, anauinua mkono wa yule kijana wa kizungu. Na kijana mwenyewe jicho moja limevimba likafumba, damu imefika kifuani, na nyuma yake kuna mtu kamkumbatia kiunoni.

Ataa Okine akasema, "Mkono wa kushoto huo. Nilimfundisha mimi."

Anan akauliza, "Sasa huyu aliyeshinda, mbona anashikiliwa asianguke?"

Akaukunja mkataba mara nne, akauweka chini ya mguu mfupi wa meza yangu, ule unaoyumba. Kambi inafunguliwa tarehe moja. Ameniomba nimtafutie begi.

Picha imerudi ukutani, nzima. Ataa Okine kafuta yale maneno ya chokaa uliyoyaagiza na hajaandika mengine.

Kula. Mbavu bado zinaonekana.

Korkor


Huddersfield,
15 Septemba 1986
(kadi ya posta)

Kijana,

Mgeni wangu wa Barnsley kavunjika kidole. Alhamisi, raundi sita, mvulana kauza tiketi mia tatu. Nimewaambia Bradford ilikuwa ajali, wamekubali kusahau. Mkono mfukoni.

Mdogo wako kaniandikia maneno mawili: ahsante, hapana. Wabishi ukoo mzima?

C. Clegg


Halifax,
20 Septemba 1986

Dada Korkor,

Alhamisi nilipigana Barnsley. Nimeshindwa kwa nusu pointi.

Kijana ni mzuri, ila anashusha mkono wa kulia kila anapotaka kupumua. Raundi ya nne nilimwambia sikioni apandishe, akapandisha, akaniambia ahsante. Mwisho walirusha. Sarafu moja iliingia ndani ya kiatu changu, nimeigundua nyumbani, hiyo hatukugawana. Mtu wa posta amerudi upande wetu wa barabara.

Hakuna aliyeniangusha. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu ninaweza.

Siku Anan atakapopanda ulingoni na rangi za taifa, niletee picha. Tafuta bahasha kubwa.

Odoi